Nimeondolewa mashindanoni kwa kosa nililolifanya miaka miwili bila kujua: wajuzi wa adhabu za gofu njooni hapa

Msukuma Mikwaju (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka miwili tu kwenye gofu, hendikapu 24 (mikwaju ninayopunguziwa), na naandika nikiwa bado na kinyongo. Jumamosi tulikuwa na medali ya mwezi klabuni kwetu (jina naliacha), mashimo 18, kuhesabu mikwaju. Siku hiyo nilipiga kama nimetumwa. Grosi (mikwaju yote) 92, neti (ukitoa hendikapu) 68, nafasi ya pili. Zawadi yake ilikuwa friji dogo. Mke wangu nilishampigia simu, akaanza kusogeza ndoo za maji jikoni apate pa kuliweka.

Sasa sikilizeni. Shimo la 13 kwetu ni la mikwaju minne. Kulia kuna uzio wenye vigingi vyeupe, yaani mpaka wa uwanja, na nyuma ya uzio ni nyumba za watu. Nikachapa draiva (fimbo ndefu ya kuanzia), mpira ukakata kulia, tukasikia paa! juu ya bati. Mbwa wakaanza kubweka. Umetoka, hakuna ubishi. Nikafanya tunavyofanya siku zote: nikatembea mpaka usawa wa pale ulipotokea, kama mita 180 kutoka tii (pa kuanzia shimo), nikadondosha mwingine kando ya uzio, nikahesabu mmoja wa adhabu, nikapiga. Ukafika mbele ya grini (nyasi fupi penye kishimo). Nikachipu (mkwaju mfupi), nikasukuma mara mbili mpaka kishimoni, sita. Mwenzangu anayeniandikia kadi akaandika sita, tukasaini wote.

Wakati wa kukabidhi kadi, jamaa wa kamati akaniuliza kwa upole tu, "Hapo 13 ulitokaje?" Nikamsimulia kwa furaha kabisa, pamoja na mbwa. Nikaondolewa mashindanoni.

Adhabu nilijipa mwenyewe. Mmoja niliuhesabu. Kosa liko wapi?

MamaBogi

Pole mkuu. Uliyolipa ni nusu ya adhabu.

Mpira ukitoka nje ya mpaka au ukipotea, adhabu ni mkwaju NA umbali. Unaongeza mmoja halafu unarudi ulipopigia. Kwa hiyo ulitakiwa urudi tii, na pale ungekuwa unapiga wa tatu. Chukua hesabu yako mwenyewe: wa kwanza batini, wa pili adhabu, wa tatu kutoka tii, wa nne mbele ya grini, wa tano chipu, wa sita na wa saba kusukuma. Saba. Wewe umeandika sita kwa sababu zile mita 180 ulizitembea kwa miguu badala ya kuzipiga.

Kinachouma ni kwamba ukiandika saba unapata grosi 93, neti 69.

Msukuma Mikwaju

Dada, hiyo neti 69 ingenipa friji lile lile! Wa tatu alikuwa na 71.

Lakini kwa nini wasiniongezee tu mikwaju miwili? Kwa nini wanitoe kabisa?

MamaBogi

Kucheza kutoka mahali pasipo sahihi adhabu yake ya kawaida ni mikwaju miwili. Ila ukiwa umepata faida kubwa, na mita 180 ni faida kubwa kweli, linakuwa kosa zito. Hilo unatakiwa ulisahihishe kabla hujapiga tii ya shimo linalofuata. Ukishapiga tii ya 14, kwenye kuhesabu mikwaju umekwisha.

Ingekuwa Stableford, ule mchezo wa kuhesabu pointi kila shimo, ungepata sifuri kwenye shimo hilo moja na kuendelea na maisha yako.

Nairobi Slaisi

Kwani hamna ile kanuni ya nyongeza? Huku kwetu kwa mechi za marafiki tunaitumia kila wiki. Tangu 2019 kamati inaruhusiwa kuweka kanuni ya ndani kwamba mpira ukitoka au ukipotea, usirudi tii. Unaenda usawa wa pale ulipotokea, unadondosha mpaka kwenye ukingo wa feawei (njia ya nyasi fupi), lakini unalipa MIWILI. Kwa hiyo unapiga wa nne.

MamaBogi

Kweli kabisa, na angalia hesabu inavyokubali: wa kwanza batini, miwili ya adhabu, wa nne mbele ya grini, chipu wa tano, kusukuma miwili. Saba tena. Ile miwili haikuokotwa tu, ndiyo bei ya kurudi tii bila kurudi.

Ila lazima kamati iwe imeiweka kwenye tangazo la siku hiyo. Mashindano makubwa hayaitumii. Na ukishapiga mpira wa akiba (wa pili unaoupiga kutoka pale pale, endapo wa kwanza umetoka au umepotea), huwezi tena kuikimbilia.

Kedi Mstaafu

Vijana, nimebeba mifuko miaka ishirini na mbili, naomba niseme kidogo.

Tatizo la wengi mnalichukua hili neno adhabu kama la shuleni, mtu kachapwa kwa kukosa adabu. Mimi wachezaji wangu nilikuwa nawaambia ni nauli. Mpira umekwama pabaya, unalipa mkwaju mmoja unatoka. Lakini kituo cha kushukia hukichagui wewe, anakichagua kigingi.

Kigingi cheupe, basi linakurudisha stendi. Huna cha kujadili.

Kigingi cha njano, eneo la adhabu, mara nyingi ni bwawa au mto unaokatiza mbele yako. Unaweza kuucheza ulipo bure kama unauona na una moyo huo. Ukitaka kutoka unalipa mmoja: ama unarudi ulipopigia, ama unachora mstari kutoka kwenye bendera kupitia pale mpira ulipokatiza ukingo mara ya mwisho, unarudi nyuma juu ya mstari huo hata mpaka kantini ukitaka, unadondosha hapo.

Kigingi chekundu, una hayo yote ya njano na zaidi unaruhusiwa kushuka pembeni: fimbo mbili kutoka pale ulipokatiza, bila kusogelea bendera. Na hapa ndipo mnapoiba bila kujua. Mtu anaona mpira umerusha maji mita sitini mbele, anaenda kudondosha mita sitini mbele. Hapana. Unapima pale ulipoVUKA ukingo, siyo pale ulipozama. Nimeona marafiki wawili wa miaka mingi wakinuniana kwa jambo hili, kila mmoja amesimama kwenye nyasi zake ananyoosha kidole.

Msukuma Mikwaju

Shikamoo mzee. Hii ya stendi nimeielewa kuliko kitabu chote.

Swali: hizo fimbo mbili, fimbo ipi?

Kedi Mstaafu

Marahaba kijana. Ndefu kuliko zote mfukoni mwako isipokuwa ya kusukumia. Kwa watu wengi ni draiva. Unailaza chini mara mbili, unachomeka tii ndogo pale inapoishia.

Na kudondosha ni kutoka usawa wa GOTI, ukiwa umesimama wima. Siyo bega, hiyo ilikuwa zamani kabla ya 2019.

Nairobi Slaisi

Hata mabingwa walilisahau hilo. Rickie Fowler, Februari 2019 kule Mexico, kanuni mpya haina hata miezi miwili, akadondosha kutoka begani kwa mazoea akapiga. Mkwaju mmoja. Kama angeokota na kurudia kutoka gotini kabla ya kupiga, angetoka bure.

Mtazamaji

Mimi sichezi, napita tu. Kwa hiyo mchezo wenyewe hauna refa, kila mtu anajihesabia adhabu zake porini huko, halafu mnategemea watu waseme ukweli? Nani ataniona? Ndiyo maana nasema huu mchezo ni wa wenye nazo kujifurahisha.

MamaBogi

Marefa wapo kwenye mashindano makubwa, ila hawawezi kumfuata kila mtu. Mwaka 1925 kwenye US Open, Bobby Jones alisema mpira wake umesogea alipokuwa anajiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeuona ukisogea. Akajiongezea mmoja. Mwisho wakafungana na Willie Macfarlane, wakarudia, Jones akashindwa. Kwa hiyo mkwaju ule alioutaja mwenyewe ndio uliomnyima kombe.

Na suala la wenye nazo, sawa, lina ukweli wake. Ila wanaojua kanuni vizuri kuliko wote hapa ni hawa kina mzee wetu juu hapo, na mifuko ile haikuwa yao.

Mtazamaji

Huyo Jones alikuwa na roho ngumu. Mimi ningekaa kimya. Endeleeni.

Birigita wa Banka

Naomba niulize kuhusu banka, yale mashimo ya mchanga. Mwaka jana nilipewa miwili kwa kugusa mchanga, mwingine akaokota jani kwenye mchanga ule ule hakupewa kitu. Nilihisi naonewa.

MamaBogi

Hukuonewa dada. Tangu 2019 majani, vijiti na mawe unaruhusiwa kuviondoa bankani. Mchanga ndio bado: huruhusiwi kuugusa kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala unapopiga swingi (kupunga fimbo) ya mazoezi, wala unaporudisha fimbo nyuma. Ukiegemea fimbo ukisubiri zamu yako, hiyo haina shida.

Aliyelipa ghali kuliko wote ni Dustin Johnson, PGA Championship ya 2010 pale Whistling Straits. Shimo la mwisho siku ya mwisho, mpira uko kwenye kipande cha mchanga ambacho watazamaji walikuwa wanakikanyaga siku nzima. Akadhani ni uchafu tu, akatua fimbo. Kumbe uwanja ule kila kipande cha mchanga ni banka, na tangazo lilikuwa limebandikwa. Mikwaju miwili, akaikosa mechi ya kuamua mshindi, kombe akachukua Martin Kaymer. Tangazo la siku lisomwe, jamani. Watu wanapita hapo wakikimbilia chai.

Nairobi Slaisi

Mimi yangu ni ile ya kuulizana. Mtu anapiga, mpira unatua karibu na bendera, na mimi ninamuuliza "hiyo ilikuwa fimbo namba ngapi?" Eti miwili?

Kedi Mstaafu

Miwili. Na akikujibu, naye miwili. Ushauri unaupata kwa kedi wako peke yake, au mwenza wako kama mnacheza timu moja. Umbali ruksa kuuliza, bendera iko upande gani ruksa, kanuni inasemaje ruksa. Fimbo aliyotumia mwenzako, hapana. Tungehesabu hiyo kwa haki, siku ya Jumapili hakuna anayerudi chini ya mia moja na ishirini.

Ila kuchungulia mfuko wa mwenzako kwa macho, bila kugusa kitu, hakuna anayekukataza. Ndiyo maana wengine hufunika vichwa vya fimbo kwa taulo.

Mto wa Jinja

Salamu kutoka Uganda. Ninyi mnalia na kunguru na mabati, klabu ya Jinja ilijulikana kwa kanuni yake ya viboko: mpira ukidumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bure. Mto Nile upo hapo hapo, viboko walikuwa wanapanda kula nyasi usiku.

Msukuma Mikwaju

Kunguru hujasema uongo! Dar hii wanabeba mipira kama mayai. Mwezi uliopita kunguru kashuka kwenye feawei, kachukua mpira wangu mpya kabisa, kaenda nao juu ya mti wa mkungu. Nikahesabu umepotea.

MamaBogi

Ulijidhulumu. Mnyama akibeba mpira wako na mna uhakika ni yeye, unaweka mwingine pale pale ulipokuwa, bila adhabu. Kama sehemu yenyewe huijui kamili, unakadiria. Shida ni pale ambapo hakuna aliyemuona kunguru, mnasingizia tu. Huo ni mpira uliopotea.

Na dakika za kutafuta ni TATU, siyo tano. Tano ziliisha 2018. Zinaanza pale wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta.

Birigita wa Banka

Na nyuki? Na nyoka?

Kedi Mstaafu

Nyoka, nyuki, siafu, unatoka bure. Kanuni haimtaki mtu afe kwa ajili ya bogi (mkwaju mmoja wa ziada kwenye shimo). Unatafuta sehemu ya karibu iliyo salama, fimbo moja, usisogelee bendera.

Lakini miiba unalipa. Michongoma haijakutishia maisha, imekutoboa suruali tu. Hapo unasema mpira hauchezeki, mkwaju mmoja, na njia ni tatu: kurudi ulipopigia, kurudi nyuma kwenye mstari wa bendera, au fimbo mbili pembeni. Ukiwa bankani hizo mbili za mwisho zinabaki ndani ya banka, ila unaweza kulipa miwili ukatoka nje kabisa kwenye mstari. Wachezaji wangu wazito wa mchanga niliwashauri walipe. Mtu anapiga mchanga mara tano kwa kuogopa kulipa miwili.

Nairobi Slaisi

Hiyo ya mwisho nimejiona mimi.

Msukuma Mikwaju

Mimi pia naona kuna adhabu nilizojipa za bure. Kugonga bendera nikisukuma kutoka ndani ya grini, nilikuwa najihesabia miwili.

MamaBogi

Hiyo ilifutwa 2019. Kuusogeza mpira kwa bahati mbaya ukiwa grini, hakuna adhabu, unaurudisha. Kuukanyaga wakati wa kutafuta, hakuna. Kuugonga mara mbili kwenye mkwaju mmoja, hakuna tena, unahesabiwa mmoja. T.C. Chen angefurahi: US Open ya 1985 alikuwa anaongoza siku ya mwisho, shimo la 5 akachipu, fimbo ikaugonga tena hewani, akatoka na 8, mwisho akalikosa kombe kwa mkwaju mmoja.

Ila nje ya grini ukiusogeza bila sababu, huku hutafuti, mmoja ungali pale pale na mpira unarudishwa.

Mwandika Kadi

Mimi ndiye niliyeandika ile sita ya mwanzisha uzi. Nimeukuta uzi huu leo. Ndugu yangu, samahani. Mimi mwenyewe nafanya vile miaka yote.

Nimeuliza kamati kama na mimi nina kosa. Wakaniambia kadi ni ya mchezaji, alama za kila shimo anawajibika nazo yeye. Kujumlisha ni kazi ya kamati. Na kama kosa lingekuwa tu adhabu ambayo hakuijua, wangemuongezea, wasingemtoa. Kilichomtoa ni kutorudi tii.

Nairobi Slaisi

Wewe angalau hujamponza mtu kama alivyoponzwa Roberto De Vicenzo. Masters ya 1968, shimo la 17 alipata 3, mwenzake Tommy Aaron akamwandikia 4. De Vicenzo akasaini bila kukagua. Kadi ikisema nyingi kuliko ulizopiga, hizo nyingi ndizo zako. Akakosa mechi ya marudio na Bob Goalby kwa mkwaju ambao hakuwahi kuupiga. Dunia nzima ilimuona kwenye televisheni akipata 3.

Ikisema chache kuliko ulizopiga, ndiyo unatoka kabisa. Jordan Spieth yalimkuta Februari 2024 pale Riviera, shimo la 4 lilisomeka 3 badala ya 4.

Msukuma Mikwaju

Kaka, yameisha. Soda utanunua.

Msukuma Mikwaju (mrejesho, baada ya wiki)

Wakuu, nimerudi. Jana tulicheza tena. Shimo la 13, draiva ile ile, na kama kawaida mpira ukakata kulia kwenye uzio. Safari hii bati halikulia, kwa hiyo hatujui kama umetoka au uko kwenye michongoma. Nikakumbuka darasa. Nikasema kwa sauti, "Napiga mpira wa AKIBA," siyo "ngoja nipige mwingine," maana nimesoma kwamba bila kutamka hivyo ule wa pili unakuwa ndio mpira wa mchezo.

Jamani, mpira wa akiba! Sijawahi kupiga vile maishani. Katikati kabisa ya feawei, umelala kama yai kwenye kiota. Nikamwambia kedi wangu kwa sauti ya chini, tusijisumbue na michongoma, twende na huu.

Kedi akakubali. Lakini Mwandika Kadi, huyu huyu aliyeomba samahani hapo juu, akaingia kichakani kwa bidii za toba. Dakika hazijafika mbili anapiga kelele, "Titleist namba tatu, nukta nyekundu?" Ni wangu. Tukanyoosha uzi kati ya vigingi viwili vyeupe kwa upande wa ndani. Nusu ya mpira iko ndani ya uwanja. Nikaambiwa ukiwa na kipande chochote ndani, ni wa ndani. Ule wa akiba nikauokota, roho inauma.

Kigingi kimoja kilikuwa kinanizuia swingi, nikataka kuking'oa kama tunavyong'oa vyekundu. Kedi akanishika mkono. Cheupe hakiguswi.

Nikasema hauchezeki. Draiva chini mara mbili, tii ndogo, goti. Mpira ukatua ukabingirika nje ya eneo. Nikadondosha tena, ukabingirika tena. Nikauweka kwa mkono pale ulipogusa chini mara ya pili. Mbele ya grini, chipu, kusukuma mara mbili.

Sita. Sita ile ile, hatua tatu tu kutoka pale nilipodondosha wiki iliyopita.

Mtazamaji

Na friji?

Msukuma Mikwaju

Safari hii zawadi ya pili ilikuwa mwavuli. Nimekuwa wa tisa. Ndoo za maji zimerudi mahali pake.